Nimekubali Mara Mbili

Asubuhi ile mtandao wa sarafu za kidijitali ulipogawanyika pande mbili, Fundi alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa kuwa hakuwahi kukosa jibu, aliingia dukani akiomba chai. Nyuma yake akaingia yeye yule yule tena, shati lile lile, kifungo kile kile kimelegea.

"Wakubwa wa mtandao wameshindwa kuelewana," alisema Profesa wa kwanza. "Mimi nimebaki na mtandao wa zamani."

"Mimi niko na mpya," alisema wa pili.

Fundi akaongeza kikombe. Sukari ilikuwa imebaki kidogo, na hilo ndilo lililomkera.

Akiba yake yote ilikuwa kwenye sarafu hizo. Profesa ndiye aliyemshawishi, na ndiye aliyeyahifadhi kichwani maneno ya siri ya kuifungulia. Sasa akiba nayo ilikuwa mbili, moja kwa kila kichwa. Thamani ilishuka, lakini zilitosha: ya mpya inunue mashine ya ovaloki ya kupindia kingo za nguo, ya zamani ilipe kodi ya duka, maana mwenye nyumba alishanunua kufuli na kumwonyesha.

Mchana muuza mashine alileta ovaloki kwa mkokoteni. Profesa wa mtandao mpya akaulizwa kama anatoa malipo.

"Nimekubali," alisema.

Profesa wa mtandao wa zamani alikuwa uani, mdomo umejaa mkate. "Nimekubali," akasema naye, makombo yakimruka.

Simu ya muuza mashine ikalia mara mbili: malipo mawili yameingia.

"Ya pili nirudishie," alisema Fundi. "Hiyo ni kodi yangu."

"Sikuiomba, dada yangu. Imekuja yenyewe. Kwani umenisikia nikiiita?" Akageuza mkokoteni wake, akaenda zake.

Fundi aliwapigia simu wakubwa wa mtandao mpya. Wakamwambia tatizo wanalijua tangu kabla ya kutengana. Pande zote mbili zinatumia neno moja kuidhinisha malipo, kwa hiyo ukikubali huku, umekubali na kule. Dawa ni upande mmoja ubadili neno.

"Basi badilini!"

"Wa kubadili ni wao, mama. Kho-kho! Sisi ndio halisi."

Akawapigia wa zamani. Jibu lilikuwa lile lile, hata kikohozi cha katikati kilikuwa kile kile.

Fundi aliibwaga simu mezani. Watu wazima na akili zao wananuniana kwa ajili ya neno, halafu anayelipa ni yeye, ambaye hata kwenye huo ugomvi hakualikwa.

"Vuta subira, mdogo wangu," alisema Profesa mmoja. "Vuta subira, mdogo wangu," alisema mwingine.

"Subira nitaivuta mpaka ikatike! Chakula mnakula wawili, kodi hakuna hata mmoja wa kulipa!"

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alitia kufuli. Fundi akahamia kwenye baraza la jirani, ovaloki yake mpya ikiwa imefunikwa kwa nailoni kwa sababu pale hapakuwa na umeme. Akaendelea na cherehani ya miguu. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa bado wanasubiriana.

Maprofesa wakaja, wakasimama mbele yake bega kwa bega.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema wa zamani.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema wa mpya.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Hiyo ni samahani moja tu," alisema. "Sogeeni, mnanizibia mwanga."