Kiganja Mbele ya Fuwele

Kofi la msimamizi lilimpata Unywele akiwa ameinamia meza ya karakana, na fuwele ikateleza kidogo kwenye kishikizo chake. Mwenyewe hakuiona ikiteleza. Aliona tu kwamba ile nukta ya kijani ukutani imetoweka.

"Umeiua!" alifoka. "Fuwele tuliyoikuza miezi mitatu, umeiua!"

Fundi huyo aliitwa Unywele kwa sababu pembe ya fuwele ikikosewa kwa unywele mmoja tu, kazi yote huwa bure. Mwanga wa leza huingia ndani ya jiwe lile bila jicho kuuona. Jiwe likikaa sawasawa, mwanga hutoka ukiwa kijani. Lisipokaa sawasawa, mwanga hupita vilevile ulivyoingia, mkali, wa kuchoma, na hakuna anayeuona. Hilo kila fundi pale alilijua. Msimamizi, aliyepewa cheo na mjomba wake, alichojua ni kupiga.

"Haijafa, bosi. Imehama pembe tu. Zima kwanza..."

Ngumi ikamziba mdomo. Akatema damu na kipande cha jino. Mdogo wake, aliyekuwa aking'arisha fuwele meza ya pili, akaja mbio.

"Mwache dada yangu!"

Hapo shetani akampanda msimamizi. Alimkamata msichana kisogoni, akamng'oa miwani ya kinga, akamkandamiza uso kuelekea kwenye jiwe. "Haya, chungulia wewe! Niambie kama kuna mwanga!"

Unywele hakuwaza mara mbili. Alitia kiganja mbele ya fuwele. Ngozi ikaungua, ikanuka, naye akapiga ukelele uliosikika hadi getini, lakini mkono hakuuondoa. Nyuma yake yalikuwa macho ya mtoto wa mama yake.

Msimamizi akamsukuma msichana kando. "Moshi huo unatoka wapi? Mbona hakuna kitu hapa?" Akavua miwani yake mwenyewe, akainama palepale.

Unywele alimchukia mtu yule, alimchukia kwa meno yote yaliyobaki. Neno la kumwonya alikuwa nalo. Mdomo ulikuwa umejaa damu.

"Toa mkono, nione!"

Mdogo wake alikuwa ameshafika kwenye swichi ya kuzimia leza. Kidole kilikuwa juu yake, na hakikubonyeza.

"Toa, Dada," alisema taratibu.

Moshi mwembamba ulipanda katikati ya vidole, na kiganja kikaanza kusogea kando.