Alama ya Barabara

Kwa miaka tisa, kila mara Mzee, yaani Rais, alipolihutubia taifa, mkalimani wa viziwi alionekana kwenye kona ya chini ya televisheni, mwanamke mwembamba mwenye blauzi nyeusi, na hakuna mtazamaji aliyewahi kusikia sauti yake. Lugha ya alama hakuianzia chuoni. Aliipata nyumbani, kwa mdogo wake wa kiume aliyezaliwa hasikii hata radi. Walilala chumba kimoja na kugombana kwa mikono, mpaka mama yao akawa anasema, "Nyinyi mkinyamaza ndiyo mnanipigia kelele zaidi."

Kwa hiyo ni yeye aliyegundua mapema, pengine kabla ya mke wa Mzee, kwamba masikio ya Mzee yanakwisha. Aliona anavyotazama midomo ya watu badala ya macho yao, na anavyocheka kitambo kidogo baada ya wenzake. Wengine walisema ni uzee na kiburi cha ukubwa. Yeye alikuwa amekulia na macho ya namna ile. Akafunga mdomo, maana mambo ya wakubwa hayasemwi ovyo.

Miezi minne kabla ya uchaguzi, Katibu wa Mzee alimwita ofisini. Akafunga mlango, akaufungua tena, akachungulia korido, kisha akaufunga kwa ufunguo.

"Dada, umeshajua, au nikuambie?"

"Nimeshajua."

"Tangu lini?"

"Tangu hotuba ya bajeti ya mwaka jana."

Katibu akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Hali ilikuwa hivi. Mzee alitokea kwenye chama cha wafanyakazi, na jina alilipatia kwenye mikutano ya wazi: alisimama mbele ya watu, akawaambia niulizeni lolote, akajibu papo kwa papo. Muhula wa kwanza alijenga shule na kufikisha maji mahali palipokuwa pamesahauliwa, wazazi wakawapa watoto jina lake. Muhula wa pili akaanzisha barabara kuu, na kodi ya unga ya kuijengea. Watu wakaandamana hadi kwenye kinu cha kusaga. Askari wakafyatua risasi, wakafa kumi na mmoja. Sasa anaomba muhula wa tatu, na kila utafiti unaonyesha anaachwa nyuma. Washauri wakasema dawa ni moja tu, ile mikutano ya zamani. Lakini ataulizwaje maswali mtu asiyesikia? Vifaa vya masikio alivijaribu; kwenye umati vikamletea ngurumo tupu. Na kuonekana navyo hataki.

Ikaamuliwa viziwi wawekewe benchi pembeni kabisa ya jukwaa, mkalimani asimame mbele yao, mahali ambapo Mzee naye atamwona. Mzee ajifunze alama arobaini: maji, shule, mbolea, dawa, ajira, barabara na nyinginezo. Mwananchi akiuliza, mkalimani anatoa alama, Mzee anajua pa kushika. Mengine atayamalizia kwa ulimi, na ulimi anao.

Walifanya mazoezi kila asubuhi katika chumba cha nyuma. Mzee alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na vidole vigumu. Siku moja alitaka kusema hospitali imekamilika, akasema mbuzi ameolewa. Mkalimani alicheka hadi machozi, Mzee akacheka naye, safari hiyo kwa wakati mmoja. Mkalimani akaanza kumpenda kama baba mdogo. Hilo lilimponza.

Siku ya mwisho ya mazoezi, Katibu alimvuta kando. "Likija swali la kinu, mpe barabara."

"Kaka, hilo si swali la barabara."

"Kodi ilikuwa ya nini? Si ya barabara? Basi hujamdanganya. Mzee presha inapanda, hatutaki aanguke jukwaani." Kisha akatabasamu. "Mdogo wako bado yuko pale karakana ya viatu ya serikali? Nasikia viatu vyake vinadumu."

Mkalimani akaitika kwa kichwa.

Mikutano miwili ya kwanza ilikwenda vizuri, maji na mbolea, makofi mpaka vumbi. Wa tatu ulikuwa katika mji wenye kile kinu. Mdogo wake alikuwapo kwenye benchi, ameletwa na wenzake wa karakana.

Kipaza sauti kikamfikia mama mmoja wa makamo aliyeshika shati la kiume.

"Mume wangu alitoka kwenda kuuliza bei ya unga," alisema. "Nikarudishiwa shati. Naomba uniambie, mwili wake uko wapi?"

Mikono ya mkalimani ilipanda, ikasita kifuani, na ikatoa alama ya barabara.

Mzee akang'aa uso. "Mama, ondoa shaka! Kabla ya mwaka kwisha utapita juu yake mwenyewe, kwa raha zako!" Akangoja makofi. Hakuona hata mikono miwili ikikutana, akaongeza utani: "Au mwenzetu hutaki lami?"

Yule mama alilikunja shati mara mbili, akaketi.

Kabla jua halijazama, kila simu nchini ilikuwa na video ya jibu hilo. Waliomtetea Mzee miaka yote wakazima simu zao.

Asubuhi Mzee alimwita, Katibu akiwa amesimama dirishani.

"Yule mama aliuliza nini?"

Mkalimani akamwelekea, akatamka polepole. "Aliuliza mwili wa mumewe uko wapi."

"Rudia."

Akarudia. Mzee akakaa akitazama midomo ile hata ilipokwisha kufungwa.

"Na wewe ukanipa barabara."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe." Akajipa moyo. "Waambie watu husikii. Watakuelewa."

Mzee akatikisa kichwa. "Mkatili huogopwa, binti yangu. Kiziwi huchekwa." Alilisema kwa upole, bila nia mbaya, kama mtu anayempa mwanawe wosia. "Halafu, hata ungeniambia, ningemjibu nini? Mwili ule sijui uliko. Sikuwahi kuuliza."

Siku hiyohiyo mkalimani aliandika barua ya kuacha kazi. Nyumbani, mdogo wake alikuwa ametia mikono mfukoni. Aliona lile shati, aliona ile alama, hakuhitaji kusimuliwa. Kiziwi akikutilia mikono mfukoni, amekufungia mlango na komeo. Siku tatu walikula meza moja hivyo.

Siku ya nne mkalimani alimwachia mdogo wake kikaratasi cha kusema anakwenda kwa yule mama, akapanda basi hadi mji wa kinu. Akamkuta yule mjane kwenye cherehani, akamweleza yote bila kujitetea. Mjane hakusimamisha mguu mpaka akafika mwisho wa mshono.

"Kwa hiyo juzijuzi hakunisikia."

"Hakukusikia, mama. Ni mimi."

"Na siku ile ya kinu, alikuwa anasikia?"

Mkalimani akainamisha kichwa. "Alikuwa anasikia."

"Haya, mwanangu. Asante kwa kuja." Akakata uzi kwa meno, akachukua kitambaa kingine.

Mikutano ya wazi ilifutwa. Mzee akaanza kuhutubia kwa kanda zilizorekodiwa, na kwenye kona ya televisheni pakawekwa kijana mmoja mwenye tai. Wanaojua mambo wanasema atashinda tu: wapinzani wamegawanyika, na wanaohesabu kura ni watu wake. Uchaguzi ni Jumapili ijayo.

Ijumaa mdogo wake alirudi nyumbani mapema, na bahasha. Karakana haimhitaji tena. Barua haikutaja sababu. Aliiweka mezani, akavuta kiti, akatoa mikono mfukoni.

"Yule mama alikuambia nini?" akauliza.

Dada yake akamweleza, neno kwa neno, bila kuacha hata moja.