Theluji Nyuma ya Sofa

Marie-Claire alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la jeli, mdogo wake Libérate alipomwambia kutoka Norwe kwamba asilete kofia ya mapambo. Alete ya sufu, ya kufunika masikio. Ilikuwa Januari, na saluni ile ya katikati ya mji wa Durban ilikuwa na feni moja tu, nayo walikuwa wamewageuzia wateja.

"Na usikuje kama touriste, Yaya," Libérate alimwambia dada yake. "Juma moja ni kidogo. Utalala kwetu, utakula chetu, utaishi kama batu ba huku."

"Batu ba huko banaishije?"

Mteja naye alitega sikio. Libérate akasema viatu vinabaki mlangoni. Chakula cha jioni kinaliwa mapema. Mshumaa au taa ndogo huwekwa dirishani, ili anayepita gizani ajue nyumba ina watu. Usimsalimie mtu usiyemjua. Mtu na mumewe wanalala kitanda kimoja, lakini kila mmoja na blanketi lake.

"Kila mmoja na lake?" Marie-Claire aliacha kusuka.

"Na hakuna mwenye kukasirika."

Libérate na mama yao walichukuliwa pamoja kutoka kambi ya wakimbizi nchini Burundi, wakapelekwa Norwe. Wakati huo Marie-Claire alikuwa ameshaolewa na kuja Afrika Kusini, kwa hiyo waliohusika na mambo hayo waliona kwamba hakuwa tena mtu wa familia ile. Sasa Mama alikuwa na nyonga mbovu na daktari alimkataza ndege. Aliyebaki kusafiri ni Marie-Claire. Alikuwa amepata kitabu cha safari cha wakimbizi, baada ya kukingoja mpaka ile picha ya ndani haikufanana naye tena, na kitabu hicho kilikuwa kwa watu wa viza. Alichagua majira ya baridi kwa sababu shule zikishafunguliwa wateja hupungua. Tena alitaka kuona kwa macho yake mahali ambapo jua, kama Mama alivyosema, linasahau kuja kazini.

Alianza kujizoesha. Asubuhi moja alimpita mlinzi wa jengo lao bila kumsalimia, na mlinzi akamfuata hadi kwenye lifti kumuuliza nani amefariki. Alinunua nguo za ndani za sufu kwenye mitumba, akazivaa akipika, ili ngozi izizoee. Mumewe Baudouin, fundi wa simu, alivua viatu mlangoni bila ubishi. Blanketi la pili ndilo lililomsumbua.

"Na kama minasikia baridi?" aliuliza. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Utajifunika yako, chéri."

Siku moja walifanya yote kwa mpigo mmoja. Walikula mapema, wakawasha mshumaa dirishani, wakalala kila mtu na blanketi lake. Asubuhi Marie-Claire alikuta theluji sebuleni. Ilikuwa imeanguka kati ya sofa na ukuta, ikafunika zulia na waya wa televisheni, na ilikuwa bado inaanguka polepole kutoka darini. Aliionja. Kisha akampigia Libérate.

"Ni neige ya kavu ao ya maji?" Libérate aliuliza.

Marie-Claire aliifinyanga kiganjani. Haikushikana. "Ya kavu."

"Basi ni muzuri. Ile ya maji ndiyo inaharibu viatu."

Msimamizi wa jengo alipanda kuangalia. Aliwaomba watandike plastiki, maana wapangaji wa chini walikuwa na dari mpya, akaondoka. Jirani yao Coletha, mwanamke wa Bukoba aliyeuza vitenge, alikuja na samaki wake umeme ulipokatika.

"Mwenzangu, niwafukie hapa?" aliuliza.

"Fukia upande ule, tusiwakanyage."

Coletha aliwafukia, akakaa kwenye sofa akiwa amejitanda kitenge, akasema tangu Krismasi hajapata usingizi kwa joto. Akalala palepale.

Baada ya chakula cha mchana sebule ilianza kuingia giza. Jikoni, upande wa bahari, jua la Durban lilikuwa linawaka na mtu angeweza kukausha nguo, lakini ukipita mlango ule ulihitaji taa. Marie-Claire alipenda kusimama kizingitini, mguu mmoja huku na mmoja kule. Jioni moja nuru ya kijani ilipita juu ya kabati la vyombo, ikajikunja, ikapotea. Alimwita Baudouin, wakaingoja irudi. Ilirudi.

Ni Baudouin aliyegundua kwamba ukuta umesogea. Kalamu ilimponyoka ikaanguka nyuma ya sofa, akaifuata, akarudi baada ya kitambo na theluji magotini.

"Kule mbele iko nyumba," alisema. "Iko taa madirishani."

Marie-Claire alivaa sufu, juu yake koti la mumewe, akafunika masikio. Alipita nyuma ya sofa na kuendelea. Theluji ililia chini ya buti zake kama unga wa muhogo unaposhindiliwa mfukoni. Hewa ilimchoma puani, akasimama mara kadhaa kuivuta tena, kwa kuwa ilikuwa na harufu ambayo hakuwahi kuijua, harufu ya chuma na moshi wa kuni. Aliona nyumba nyekundu na nyumba ya manjano. Kila dirisha lilikuwa na taa ndogo, na akafurahi kwamba Libérate hakumdanganya.

Kabla ya nyumba ya kwanza palikuwa na kizuizi, boriti la rangi nyekundu na nyeupe lililolazwa njiani, na kibanda. Afisa alitoka, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alizungumza Kiingereza taratibu.

"Habari za jioni. Naomba hati ya kusafiria, yenye viza."

"Iko kwa watu wa viza. Bado wanaangalia."

"Basi tutangoja waangalie," afisa alisema. "Leo si baridi sana."

Marie-Claire alikubali kwamba si baridi sana. Walisimama kidogo, kila mmoja upande wake, kama watu wa huko. Alipoaga, afisa aliwasha tochi akammulikia njia hadi kwenye sofa.

Marie-Claire alimpigia simu mdogo wake, na kesho yake Libérate alimleta Mama kwenye kizuizi. Alimsukuma kwenye kiti chenye vyuma virefu vya kutelezea chini kama miguu ya mbwa aliyelala, ambacho wazee wa kule hukitumia kwenda dukani. Mama alikuwa amefungwa mashuka na mitandio, yakabaki macho tu. Aliteremsha mtandio mmoja.

"Marie," alisema. "Umenenepa. Asante Mungu."

Marie-Claire alilia, na machozi yakaganda kabla ya kufika kidevuni. Libérate akacheka, akamwambia kule mtu analia ndani ya nyumba.

Walimuuliza afisa kama Mama anaweza kupita yeye, akae hata kidogo kwenye sofa. Afisa alisema Mama yuko huru kutoka. Lakini upande wa pili, nyuma ya sofa, hapakuwa na afisa wa kumgongea muhuri, na mtu aliyetoka bila kuonekana ameingia popote, yeye hangejua namna ya kumrudisha. Baudouin, aliyekuwa amemfuata mkewe, alijitolea kusimama pale na kugonga. Afisa alimshukuru, akasema haiwezekani.

Mama alivua kofia. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimefungwa nyuma ovyo.

"Huku hakuna mwenye kujua kichwa yangu," alisema. "Banavuta tu."

Marie-Claire alimtazama afisa. "Na mikono?"

Afisa alifikiri. Aliingia kibandani, akasoma kanuni zake, akatoka. "Kuhusu mikono hakuna kitu," alisema.

Basi Mama alisogezwa mpaka kichwa chake kikagusa boriti. Marie-Claire alivua glavu, akapitisha mikono upande wa pili, akaanza kugawa nywele kwa ncha ya kitana. Vidole vilikufa ganzi haraka. Alisuka mistari michache ya kwenda nyuma, akavirudisha vidole makwapani vipate moto, akaendelea. Alikuta kovu nyuma ya sikio ambalo hakulijua. Mama akasema alianguka bafuni mwaka wa kwanza, hawakutaka kumwambia kwenye simu. Afisa aliwaletea kahawa. Kibanda kilipofungwa nusu ya kichwa ilikuwa bado, na Mama akarudi nyumbani hivyo hivyo, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama.

Walimaliza kesho yake. Kuanzia hapo Marie-Claire alikwenda kila alipotoka saluni. Aliuliza kila kitu: kwa nini watoto wachanga wanalazwa nje kwenye baridi mchana, jibini ile ya kahawia inatengenezwa na nini, wafu wanazikwaje ardhi ikiganda. Afisa alijibu aliyoyajua. Kila mara aliaga, na kila mara tochi ilimsindikiza hadi akae kwenye sofa na kuvua buti.

Majibu ya viza yalikuja siku ya mvua, na Baudouin alimsomea akiwa amesimama jikoni. Ombi limekataliwa. Mwombaji hakuthibitisha kwamba, baada ya ziara fupi, angerudi Afrika Kusini.

Marie-Claire aliomba asomewe tena sehemu ya mwisho.

"Lakini yule bwana anakuonaka unarudi," Baudouin alisema. "Kila siku. Na tochi yake."

Alikwenda kumwambia. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa na amesikitika.

"Ni kweli, unarudi," alisema. "Lakini hao ni idara nyingine. Mimi naangalia wanaoingia tu."

"Na wanaorudi, nani anawaangalia?"

Afisa alitazama theluji. Alisema hadhani kama kuna mtu.

Siku hiyo Mama hakuletwa, alikuwa na mafua. Marie-Claire alisimama na Libérate, boriti katikati, wakanywa kahawa. Kisha akamulikiwa njia.

Siku zilirefuka sebuleni. Theluji ikawa ile ya maji, ikaharibu buti, ikaisha kwa mabaka. Kabla ya Pasaka ukuta ulikuwa mahali pake, umekauka, na Coletha alikuja kuwauliza kama samaki wake mmoja hakuonekana. Mama alikataa kufumuliwa nywele. Libérate alimpiga picha akiwa amelala.

"Utaomba tena, Yaya?" alimuuliza kwenye simu.

"Nitaomba. Na mwezi wa sita, batu ba huko banaishije?"

Libérate akasema mwezi wa sita jua halizami kabisa. Watu wanakata majani usiku, watoto wanakataa kulala, ndege hawanyamazi.

"Nanyi munalala namna gani?"

"Tunaweka rideau, pazia ya dirisha. Nzito, nyeusi."

Jumamosi, Baudouin alipofunga duka, walikwenda pamoja kwenye maduka ya vitambaa ya mtaa wa Prince Edward. Marie-Claire alipapasa vitambaa vingi, akainua kimoja kwenye mwanga wa mlangoni na kuona hakipitishi kitu. Muuzaji akamuuliza dirisha lina upana gani.

"Si dirisha," alisema. "Ni ukuta."

Muuzaji akavuta kitambaa mezani, akaanza kupima.