Utepe wa Materniti

Jumatatu, saa tatu ya asubuhi, Tata Tharcisse, mkubwa wa mambo ya jamii kwenye kampuni ya shaba, alikata utepe wa materniti, nyumba mpya ya kuzalia, kwa mara ya saba. Watu walipiga makofi. Alipogeukia mpiga picha, utepe ulijiunga nyuma yake, bila hata fundo.

"Tutarudia Jumatatu ijayo," alisema.

"Mukuye na biskuti, tata," Mama Ngalula wa kartie ile, mtaa wa wachimbaji, alimkumbusha. "Leo mulisahau."

Materniti ilikuwa nzuri: ukuta wa kijani, bati jipya, jina la kampuni refu kuliko mlango. Lakini Polycarpe, mlinzi, alikuwa na amri: mtu haingii kabla utepe haujakatika. Vipande vilivyoanguka kila ulipokatwa akina mama waliviokota, wakafungia kuku, na utepe haukupungua. Hakuna aliyeshangaa. Mahali ambapo watu wanachimba kobalti chini ya vitanda vyao, utepe ni kitu gani?

Laure, binti ya Mama Ngalula, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wa kwanza alimzalia barabarani, katikati ya makamio mawili ya kampuni yaliyokwama na mizigo ya shaba. Huyu wa pili aliapa kumzalia kitandani.

Jumatatu ya nane, uchungu ulimshika wakati wa hotuba.

"Tata, fupisha maneno. Mutoto eko anakuya."

"Inabakia paji mbili tu, mama," alijibu, akifunua karatasi za hotuba.

Alipomaliza alikata. Utepe ukajiunga. Akakata mara kumi na moja, shati likalowa jasho.

"Polycarpe, nipitie chini ya utepe," Laure aliomba.

"Kupita chini njo kuingia, dada," Polycarpe alijibu, akiziba mlango.

Mama Ngalula alichungulia dirishani. Ndani hakukuwa na kitanda wala bomba. Kulikuwa na katoni za biskuti mpaka juu.

Basi aliunganisha viti vya wageni barazani, akazungusha vitenge. Mtoto alipotoka, Mama Ngalula alichukua makasi mkononi mwa Tata Tharcisse, akaichemsha ndani ya maji ya chai ya wageni, akakata kitovu. Kitovu hakikujiunga.

Picha ya siku ile ilitoka kwenye kalenda ya kampuni: Tata Tharcisse anacheka, amebeba mtoto. Chini waliandika: Materniti yetu inafanya kazi.

Tangu hapo watoto wote wa kartie wanazaliwa Jumatatu, wakati wa hotuba. Hakuna aliyewaambia, wanajua wenyewe siku ya viti na maji ya moto. Tata Tharcisse naye amezoea. Anakuja na makasi mbili: moja ya utepe, moja ya kazi.