Mafuta Kabla ya Jina

Nkasiogi alipofika kwa Namnyaki asubuhi ile, ng'ombe walikuwa bado wanakamuliwa. Alikuwa mkunga wa kilima kizima, kutoka mto Themi hadi kule msitu wa Meru unakoanzia. Watoto aliowapokea kwa mikono yake wengine walikuwa wameshaota ndevu, na Wajerumani wa pale bomani Arusha walikuwa wamewachukua kwenda kuvunja mawe ya barabara ya Moshi. Lemayian, mtoto wa Namnyaki, alikuwa mmoja wao, mwezi wa pili sasa. Mkewe Nashilu ndiye aliyelala juu ya ngozi, ameng'ang'ania mguu wa kitanda. Ilikuwa mimba yake ya kwanza.

"Umeanza lini, mwanangu?"

"Tangu jogoo wa kwanza, koko." Koko ni bibi kwa lugha yao, na wanawake wote wa kilimani walimwita hivyo.

Nkasiogi akanawa, akampapasa. Mikono yake haikuhitaji muda. Kichwa kilikuwa ubavuni kushoto, matako kulia, na tumbo limepanuka kama kibuyu kilicholazwa. Mtoto alikuwa amekingama. Watano wa namna hiyo alikwishawageuza maishani mwake, na wote walitoka wazima. Kazi yenyewe ilitaka mafuta ya kondoo, ilitaka subira, na ilitaka ifanyike kabla chupa ya uzazi haijapasuka. Chupa ilikuwa bado nzima. Akanyoosha mkono kukichukua kibuyu chake cha mafuta.

"Mafuta bado," Namnyaki akasema. "Kwanza jina."

Ndivyo ilivyokuwa katika kilima kile. Mtoto akikataa kunyooka, walisema amezibwa na mwanamume ambaye si mume. Mama sharti amtaje, ndipo njia ifunguke. Mafuta ya mkunga hayagusi tumbo la namna hiyo kabla ya jina, na yakigusa, kosa linamhamia mkunga. Nkasiogi alifundishwa hivyo na mama yake. Yeye mwenyewe aliwahi kuwaona wanawake wakitaja, na mara wakajifungua. Waliotaja wasijifungue hakuwahi kuwahesabu.

Akaurudisha mkono.

"Sina jina, mama," Nashilu akasema.

"Mficha uchi hazai," Namnyaki akamjibu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na wana wawili barabarani, na mjukuu aliyekataa kutoka, naye alitaka kushika kitu anachokijua.

Ndeshi, mke wa mdogo wake Lemayian, alikuwa mlangoni na mtungi wa maji. "Na huyo mwanamume angempata wapi? Wajerumani wamewazoa wote. Wamebaki wazee na beberu wa jirani."

Nashilu akacheka kidogo, kisha uchungu ukamkata kicheko.

"Cheka wewe," Namnyaki akamwambia Ndeshi. "Zamu yako inakuja. Tumbo hilo unalolificha chini ya ngozi nimeshaliona."

Basi wakakaa. Jua likaingia mlangoni, likatambaa hadi kwenye mafiga, likaanza kurudi nje. Kila uchungu ulipokuja Namnyaki aliuliza, na kila ulipokwenda Nashilu alitikisa kichwa. Nkasiogi alikaa na mikono mapajani. Mara mbili alikitazama kibuyu. Alisikia ndani yake kitu kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, unasikia sauti na unajifanya ni maji.

Jua lilipokuwa utosini, chupa ikapasuka. Nkasiogi akaweka kiganja juu ya tumbo, akalikuta limemkumbatia mtoto kwa nguvu, gumu kama ngoma iliyoanikwa.

Hapo Nashilu akasema, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Loserian."

Loserian alikuwa jirani. Mvua za vuli alipewa mzigo wa Wajerumani aupeleke upande wa Tanga, na homa ikamwua njiani. Ilirudi fimbo yake tu, na mjane wake akanyoa nywele.

Namnyaki akajipiga mapaja. "Niliwaambieni."

Nashilu akalivuta sikio la Nkasiogi mpaka kinywani kwake. "Nimemtaja wa kaburini, koko. Hakuna mtu wa kumpiga. Sasa nigeuzie mtoto."

Nkasiogi akamimina mafuta. Alifanya kazi mpaka jua likaegemea mlima, jasho likimtoka, na kilichokuwa rahisi asubuhi sasa kilikuwa kama kugeuza jiwe ndani ya mfuko uliofungwa. Mwishowe akapata mguu, kisha wa pili. Mtoto akatoka kwa miguu, msichana, amekuwa wa bluu. Nkasiogi akampulizia mdomoni mpaka akalia.

Kisha ikaja damu. Kondo la nyuma lilitoka vipande vipande, na damu ikafuata. Walimwinua miguu, wakamkanda tumbo, wakamnywesha dawa ya mizizi, Ndeshi akakimbia mtoni mara tatu kuleta maji baridi. Damu haikusikia.

"Mtoto gani?" Nashilu akauliza.

"Msichana."

"Ana vidole vyote?"

"Vyote."

Akafumba macho kama anayesikiliza kitu. Ng'ombe waliporudi zizini, alikuwa ameshakwenda.

Namnyaki alilia kwanza, na baada ya kulia akamtazama mtoto. "Huyo si wetu. Baba yake yuko kaburini, na mama yake amemfuata. Maziwa ya ng'ombe wa mwanangu hatayanywa."

Nkasiogi akamfunga mtoto kwa ngozi laini, akaenda naye kwake.

Siku nane alimlisha maziwa ya mbuzi, akichovya ncha ya ngozi na kumnyonyesha tone kwa tone. Wana wawili wa Nkasiogi walikufa kwa ndui zamani, na nyumba yake ilikuwa imezoea kimya. Sasa palikuwa na mtu wa kupiga chafya humo. Siku ya tano mtoto aliacha kulia akisikia harufu yake tu.

Na watu walikuja na sifa. "Jina ndilo lililomtoa mtoto," walisema. "Bila jina tungezika wawili." Mmoja alimletea paja la mbuzi. Nkasiogi alilipokea, akashukuru, akalitundika bila kulionja.

Alijua hesabu yake. Akinyamaza, jina la mkunga linabaki naye, na mtoto anabaki naye, kwa kuwa hakuna mwingine anayemtaka. Akisema, vyote viwili vinaondoka siku moja. Lakini msichana huyu angekua bila lango la baba, na kila atakapopita wangesema huyo ndiye wa marehemu. Na Nashilu, aliyesema uongo ili asimdhuru mtu, angelala chini ya uongo huo.

Siku ya tisa Ndeshi akaja. "Shemeji amerudi. Wamempa siku mbili tu. Hajala. Anauliza ni Loserian yupi, kama kwamba wapo wawili."

Nkasiogi akamfunga mtoto kifuani. Njiani akang'oa majani mabichi, akayashika mkononi, kama afanyavyo mwenye kosa anayekwenda kuomba.

Lemayian alikuwa ameketi nje, miguu myeupe kwa vumbi la mawe. Namnyaki alisimama nyuma yake. Nkasiogi hakukaribishwa kuketi, akasema akiwa amesimama.

"Mkeo hakuwa na mtu. Aliniambia sikioni, nami nikanyamaza. Alimtaja maiti kwa sababu tulitaka jina, na maiti hapigwi."

"Mtoto alizibwa," Namnyaki akasema.

"Alikuwa amekingama. Nilijua asubuhi, ng'ombe wakikamuliwa. Nimewageuza watano kama yeye. Nikakaa na mikono mapajani mpaka adhuhuri, kwa kuwa niliogopa kosa lisinihamie. Sasa limenihamia."

 Lemayian alikuwa na lengelenge kiganjani, akawa analibonyeza.

"Ungemgeuza asubuhi, angekuwa hai?"

"Sijui, mwanangu. Wale watano, mama zao wako hai."

Akasimama. Nkasiogi alidhani atampiga, na hakurudi nyuma. Lemayian alimfungua mtoto pale kifuani, taratibu, kwa vidole visivyojua kazi hiyo. Majani hakuyapokea.

"Usipite tena langoni kwangu," akasema.

"Sitapita."

Mtoto alianza kulia, akitafuta harufu aliyoizoea.  Namnyaki, bila kumtazama mtu, akachukua kibuyu cha maziwa na kwenda zizini kukamua, saa ambayo hakuna anayekamua.

Habari zilienea kabla ya jua kuzama. Wengine walisema mkunga amemwua mke wa Lemayian. Wengine walisema amelidharau jina, na mwenye dharau hiyo asishike tumbo la mtu. Walitofautiana katika sababu, wakapatana katika jambo lenyewe. Mvua zilikuja, mahindi yakapandwa, na hakuna aliyemwita Nkasiogi. Kibuyu cha mafuta kilining'inia ukutani kikashika masizi.

Mchana mmoja alikuwa anapalilia, akasikia migomba inachakarika nyuma ya nyumba. Ndeshi akatokea na mzigo wa majani ya migomba kichwani, kama mtu aliyekuja kukata chakula cha ng'ombe tu. Tumbo lilikuwa limefika miezi minane. Akatua mzigo, akatazama nyuma alikotoka.

"Mama akijua atanifukuza."

"Basi rudi."

"Nilikuwa mlangoni siku ile, koko. Niliona ulivyokuwa unakitazama kibuyu."

Nkasiogi akaegemeza jembe. Alitaka kuuliza swali moja, likamchelewa mdomoni. Ndeshi akalijibu bila kuulizwa.

"Anakunywa. Mama mwenyewe ndiye anayemkamulia. Ana meno mawili."

Akaingia ndani mbele yake, akajilaza juu ya ngozi. "Nipapase sasa," akasema, "kabla hawajaanza kuniuliza."

Nkasiogi akakitungua kibuyu, akafuta masizi. Mafuta yalikuwa yameganda. Akachota kwa vidole viwili, akayasugua kati ya viganja mpaka yakalainika, akaanza kutafuta kichwa.