Maboga ya Msimu wa Tatu

Vumbi la kiwanja kile halikuwa na mwenyewe. Liliamka kabla ya watu, likaingia madirishani bila kubisha hodi, likakaa juu ya vikombe, juu ya mito, juu ya nguo alizoshona Fundi na kuzitundika mlangoni zikisubiri wenyewe. Kila asubuhi alizikung'uta. Kila jioni alizikung'uta tena, akililaani vumbi kwa jina la mama yake, nalo halikukasirika.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya karakana ya mabasi iliyofungwa zamani: kipana, kikavu, kimejaa misumari na vipande vya vioo, mali ya manispaa. Ng'ambo yake zilipangana nyumba za vyumba viwili viwili, na chumba cha mbele cha mojawapo ndicho alichokaa Fundi, mshona nguo wa mtaa, cherehani yake dirishani na makopo yake ya vifungo kwenye rafu.

Chakula kilikuja na lori. Jumatatu na Alhamisi, lori jeupe la jokofu lilipiga honi, na mtaa ukatoka na vikapu. Likija, watu walikula. Lisipokuja, je? Hakuna aliyeuliza, mpaka mwaka ule barabara kuu ilipofungwa siku tisa na lori halikuja, na watu wakajuana.

Fundi aliona mwanamke aliyemheshimu akinyang'anyana kabichi iliyooza na binti wa kumzaa mwenyewe. Aliona baba wa watu akijifungia ndani mchana kutwa ili wanawe wasimwangalie. Siku ya kumi honi ikalia, na watu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Gari lisilo na masikio wakalipigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Makofi yale ndiyo yaliyomchoma wifi yake. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Nusu ya mtaa huu nimeizalisha mimi kwa mikono hii," alisema. "Sikuwazalisha waje kulipigia gari makofi."

Akaenda manispaa, akakaa kwenye benchi siku moja, siku mbili, siku tano, mpaka waliokaa maofisini wakachoka kumruka miguu. Wakampa kiwanja. Wakampa na sharti: misimu mitatu. Msimu wa tatu kikundi atakachokiunda kijaze sufuria za shule ya mtaa muhula mzima, na kiwanja kitakuwa cha watu. Kisipoweza, manispaa ina mipango yake. "Si ubaya, mama," afisa alimwambia, akilifunga jalada lake polepole. "Ni utaratibu."

Basi wakaingia. Wanawake arobaini na wanaume wachache waliosukumwa na wake zao. Waliokota misumari wakajaza ndoo. Waliokota vioo, wakakatwa, wakafunga vidole kwa vitambaa alivyobakiza Fundi, wakaendelea. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea vyombo, maji ya kuogeshea watoto, yote yakaenda kiwanjani. Walilimwagilia vumbi mpaka likachoka kuruka, likalala, likawa udongo.

Mpangaji mmoja mzee alikuwa na mbegu saba za maboga kwenye bahasha. Hizo saba ndizo zilizoanza. Na kanuni ilikuwa moja, fupi, ya kubebeka mdomoni: ukila, rudisha. Ukila boga, osha mbegu, anika, peleka kwa Fundi. Naye alizipokea mlangoni, akavimwaga vifungo vyake kwenye mfuko wa nailoni, na makopo ya vifungo yakawa makopo ya mbegu. Watu wakaanza kusalimiana hivyo. Badala ya habari za asubuhi, ukila, rudisha. Badala ya kwaheri, ukila, rudisha. Fundi alisikia maneno yale yakipita chini ya dirisha lake siku nzima, na moyo wake ulikuwa mweupe kuliko ulivyowahi kuwa.

Lakini binadamu ni binadamu. Msimu wa kwanza haujaisha, maneno yakaanza: mbegu za fulani ni nono, za fulani ni dhaifu, mimi nataka za yule, siyo za huyu. Wifi mtu akayamaliza kwa siku moja. Akaleta beseni kubwa la kufulia, akaamuru makopo yote yamwagwe humo.

"Mbegu za mtaa hazina ukoo," alisema. "Fundi, koroga."

Fundi akakoroga. Akazamisha mikono mpaka viwikoni, mbegu zikamteleza vidoleni, za huyu na za yule, za waliosemana na za wasiosemeshana, na kila mtu akaja akafumba macho akachota kiganja chake. Siku ile hakuna aliyemzidi mwenzake. Fundi alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Mumewe alikuwepo bado. Alikuwa mlinzi wa duka la maua upande wa mjini, mtu wa maneno machache na mifuko mirefu ya koti. Jioni moja alitoa mfukoni kaboga kadogo, ka ukubwa wa ngumi, kenye michirizi ya njano na kijani; dukani walikuwa wanakatupa. Akakaweka juu ya cherehani.

"Hakaliwi haka, mke wangu. Kanatazamwa tu."

"Sasa kitu hakiliwi, ndani ya nyumba yangu kinafanya nini?"

"Mbona mimi umeniweka?"

Fundi alicheka mpaka sindano ikavunjika. Wiki chache baada ya mavuno ya kwanza kifua kilimbana mume wake asubuhi, na kufika adhuhuri hakuwa mtu tena wa dunia hii. Kaboga kakabaki juu ya cherehani. Kakakauka. Ukikatikisa, kalilia ndani.

Msimu wa pili ulipofika, Fundi alikapasua, akachukua mbegu tatu, akazifukia kando ya geti la kiwanja. Hakumwambia mtu. Hakukuwa na la kumwambia. Hakupanda chakula, alifanya kile anachofanya mjane anapotaka pahali pa kuangalia. Mmea ukatambaa, ukapanda geti, ukatoa maua makubwa ya njano. Wifi yake alisimama mbele ya mmea huo siku moja, akalishika jani moja kwa vidole viwili, akasema, "Kaka yangu na vitu vyake," akaenda zake haraka.

Na nyuki waliyapenda maua yale. Walitoka getini wakaingia matutani, wakatoka matutani wakarudi getini, miguu yao imejaa unga wa njano. Wakaimba msimu mzima. Nani angemsimamisha nyuki amuulize ametoka kwa nani?

Maboga ya msimu wa pili yalikuwa matamu. Sema tena: yalikuwa matamu, hakuna aliyeonja chochote, hakuna aliyeshtuka. Watu wakala, wakaosha, wakaanika, wakarudisha. Beseni likajaa pomoni. Fundi akakoroga kwa furaha ile ile, na kwa kuwa msimu wa tatu ulitaka kiwanja kizima, kona hadi kona, wakapanda zote. Hawakuacha hata kiganja kimoja kwenye kopo.

Na msimu wa tatu, ee, ungeuona. Majani yalifunika ardhi yote. Wifi mtu alipita kati ya matuta ameshika kiuno, akiyapigia maboga kelele za wodini: "Sukuma, mama! Sukuma, umefika, sukuma!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lori lilipiga honi Alhamisi na wengine hawakutoka. Afisa wa manispaa alikuja na jalada lake, akazunguka, akatikisa kichwa kwa mshangao, na Fundi aliyaona maisha yake yaliyobaki yamelala pale yakikomaa, ya mviringo, mazito, ya kutosha.

Siku ya sufuria ya kwanza, mpishi wa shule, mwanamume mrefu mwenye mwiko kama kasia, alionja, akafumba macho. Tamu. Akapakua. Sufuria ya pili hakuonja. Aonje nini, si boga lile lile? Meza za mbele walikula wakaramba sahani. Meza za nyuma walitema. Kuna waliofunzwa kwao kwamba chakula hakikataliwi, na hao, watoto wa adabu, walimeza. Hao ndio walioshika matumbo. Walitapika mpaka jioni, wakapona wote, lakini mama zao walikuwa wamekwisha kuwaona wamelala kwenye sakafu ya darasa, na afisa alikuwa amesimama mlangoni.

Bwana shamba aliitwa. Alikata boga, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Akakata la pili: tamu. La tatu: tamu. La nne akatema tena.

"Hakuna aliyetia sumu," alisema. "Ni mbegu. Zimechanganya damu, na uchungu wake hutokea msimu unaofuata. Mliwahi kupanda yale ya mapambo hapa karibu?"

"Sisi?" wakajibu kwa pamoja, na kwa majivuno. "Sisi hatupandi kisicholiwa!"

Fundi aligeuza uso kuelekea getini.

"Mazuri yamo," bwana shamba akaendelea, "ila kwa macho huwezi kuyajua. Yote ni ya kutupa. Mbegu zenu za mwanzo ziko wapi?"

Wote wakamgeukia Fundi.

"Tulizikoroga," alisema. "Tukazipanda zote."

La geti alilificha. Siku tatu alikaa na lile jambo kifuani kama mwiba wa samaki. Alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Siku ya nne akavaa gauni lake la heshima, akaenda manispaa, akakaa kwenye benchi lile lile la wifi yake, na alipoitwa alisema kabla hajakalishwa: kosa ni langu, si la kikundi, ni mimi niliyepanda getini, niondoeni mimi, waacheni wenzangu.

Afisa alimvutia kiti. Alimletea maji kwenye glasi. "Mama," alisema taratibu, "hatukutazama kosa ni la nani. Sharti lilikuwa sufuria." Alikuwa mpole kiasi kwamba Fundi hakupata pa kushikia.

Basi Fundi akaitisha kikao chumbani kwake. Kati ya arobaini walikuja tisa. Walikaa kitandani, kwenye ndoo zilizopinduliwa, kwenye kigoda cha wateja. Fundi alisimama kando ya cherehani, akawasimulia yote, kaboga na koti na geti na nyuki, bila kujitetea, sauti ikimkatika na kuungana.

Alisubiri watukane. Alikuwa amejiandaa. Usiku na mchana alikuwa ameyapanga matusi yao kichwani na majibu yake, na mwisho wake katika mawazo yake ulikuwa mtu mmoja akilia, akisema sasa tunaanza upya, tutazipata wapi mbegu?

"Pole, Fundi," alisema muuza mkaa.

"Mambo hutokea," alisema mwingine.

Wa tatu aliuliza kama kesho lori linawahi au linachelewa, maana ana kliniki.

Fundi alimtazama wifi yake. "Wifi, nitukane."

"Nikutukane kwa lipi?" Sauti ya kuamsha wodi ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu wa kawaida. "Kaka yangu angecheka sana," alisema, akainuka, akajifunga vizuri mtandio wake. "Kimekwisha, wifi. Usijiumize bure." Akambusu shavuni, akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akimshika mkono mlangoni kama inavyoshikwa mikono ya wafiwa.

Hapo ndipo alipoelewa, na hakuna mtu aliyemwambia. Watu hukasirikia kilicho chao. Kiwanja hakikuwa chao tena. Labda tangu siku ile ya sakafu ya darasani, labda tangu kabla. Walimsamehe upesi kwa sababu hawakuwa wamebakiza cha kumdai. Aliketi kwenye kigoda cha wateja akalia kwa kinyongo, akiwachukia wote tisa kwa wema wao.

Mashine zilikuja. Ziling'oa kilichoota, zikashindilia, zikamwaga lami nyeusi inayonuka, kona hadi kona, pawe maegesho. Na hapo, ewe vumbi, ndipo ulipokwisha. Hukuja tena madirishani. Vikombe vilikaa safi, mito ilikaa safi, nguo zilitundikwa Jumatatu zikachukuliwa Jumamosi bila kukung'utwa. Mtaa ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Vifua vya watoto vilitulia. Fundi alipitisha kidole juu ya cherehani, akakitazama, hakikuwa na kitu.

Lori sasa liliegesha pale pale, katikati, pakubwa pa kugeuzia. Mara ya kwanza aliyokwenda, foleni ilikuwa ndefu, na wifi yake alikuwa mbele. Alimwona, akamvuta mkono.

"Pita hapa mbele yangu, wifi. Miguu yako hiyo."

Alipita. Alinunua kipande cha boga kilichofungwa kwa nailoni, kimeoshwa, hakina mbegu hata moja. Akaenda nacho nyumbani, akakichemsha na chumvi kidogo, akakaa nacho mezani mchana kweupe, mlango wazi. Alitaka kiwe hakina ladha. Alikuwa amekitayarishia maneno.

Kilikuwa kitamu. Kilikuwa kitamu kuliko yale ya msimu wa kwanza, kuliko ya msimu wa pili. Alikimaliza chote, akarudi jikoni kuangalia kama kimebaki.