Jumapili ya Friza

Siku ile mjinga alikuwa Nehemiya, na yeye mwenyewe hulisema hilo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, maana ameona kwamba mtu akijicheka wa kwanza, wenzake huambulia makombo tu.

Walikuwa wametoka Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yeye na mkewe Miriamu, wakapanga vyumba viwili Mbarara, karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Kwa Gorret, mke wa askari mmoja, wakapata friza kuukuu, mfuniko wake husimama kwa kuegemezwa fimbo. Miriamu aliijaza vifuko vya barafu ya pasheni, na watoto wa askari wakawa hawawezi kupita mlango ule bila miguu kugoma. Kazi ya Nehemiya ilikuwa kuisifu. Kwa mtu aliyekimbia Kivu na sufuria moja kichwani, akaishi miaka akipampu maji ya kisima pale Nakivale, sanduku linalojitengenezea baridi lilikuwa jambo la kutolea ushuhuda kanisani. Na alilitolea.

Jumatatu wangekuja wakwe kutoka Juru, kijiji kingine cha Nakivale, kumposa Isimbi, binti wa Nehemiya na Miriamu. Nehemiya alikuwa ameshatangaza kila kona kwamba watakula nyama mpaka waombe radhi. Ijumaa akachinja mbuzi. Gorret akaja kumwelekeza Miriamu: nyama ipoe kwanza, ikatwe mafungu ya kutosha pishi moja moja, ifungwe, ilazwe chini kabisa ili damu isidondokee barafu za watoto, na mfuniko usifunguliwe ovyo. Nehemiya alisikiliza kwa adabu zote za mtu anayewaza mambo mengine.

Jumamosi jioni mchungaji akahubiri juu ya mapumziko. Akasema siku ya Bwana hata mnyama wa kazi ana haki ya kupumua. Neno lile likamchoma Nehemiya. Alimkumbuka mtumishi mmoja nyumbani kwake, anayenguruma usiku na mchana, hajapewa likizo tangu anunuliwe.

Basi Jumapili asubuhi, Miriamu na Isimbi walipotangulia kwaya, yeye akabaki nyuma, akachomoa waya ukutani. Kisha, kwa huruma ya ziada, akausimamisha mfuniko kwa fimbo yake ili friza ipate hewa. Akaenda kuabudu kutwa nzima, roho kunjufu, huku jua likipika bati la nyumba yake. Jioni akawahi kurudi, akafuta maji yaliyotapakaa sakafuni, akafunga mfuniko na kuchomeka waya. Friza ikanguruma. Akaona inamshukuru.

Kulipokucha Jumatatu, Miriamu alifungua akakuta vifuko vyake, alivyovipanga vinene kama mayai ya bata, vimelala bapa, vimegandana kuwa ubao mmoja. Chini yake damu ya mbuzi ilikuwa imetandaa na kuganda kama sakafu ya saruji nyekundu. Akamwita mumewe. Nehemiya akaeleza yote bila kuficha, tena kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa.

Miriamu hakumgombeza. Alibandika sufuria ya maharage.

Hapo ndipo Nehemiya alipoamka.

“Mama Isimbi, bale batu banatoka Juru. Maharagi njo banalima. Tutabapatia maharagi yabo wenyewe mu sahani?”

“Maharagi haiyaua mukwe hata mumoja,” akasema Miriamu, akichochea moto.

Nehemiya akatoa fungu la nyama, akaligonga mezani likalia ko! Akamtaka asikie mwenyewe kama hilo si jiwe. Gorret, aliyekuja kusaidia kupika, akasema barafu haiui vijidudu, huvilaza tu. Nyama iliyoyeyuka ikakaa na joto mchana kutwa, hata ukiigandisha upya iwe chuma, ni ya kutupa. Nehemiya akashauri ichemshwe mpaka wakwe wenyewe waihurumie, tena itiwe pilipili. Isimbi, aliyekuwa akisuka nywele mlangoni, akasema yeye anataka kuolewa, hataki kuanza ndoa kwa kuwapeleka wazee hospitali.

Nehemiya akajiona yuko peke yake, na jina lake la mwenyeji wa nyama linakwenda na mvuke wa maharage. Akashika silaha ya mwisho. Akasimama wima, akakohoa kama yuko mimbarani.

“Mie sikuiharibu, niliipumuzisha juu ya Bwana. Kitu chenye kupumuzika siku ya Mungu, kinaoza namna gani?”

Miriamu akafunika sufuria yake.

“Friza uliipumuzisha, Baba Isimbi, ni sawa. Bidudu, nani alibiambia kama ni siku ya Mungu?”